Mbavu za Kanga

Mshono wa kwanza ulipasuka Paska alipovuta pumzi. Haukupasuka aliporuka, wala alipoinua mguu hadi usawa wa sikio, mambo mawili niliyokuwa nimeyaogopa kwa wiki tatu. Alikuwa amekwisha kuruka. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono imetanda, akavuta pumzi kama anavyovuta mtu yeyote aliyetoka kukimbia, na chini ya kwapa lake la kushoto nikasikia sauti kama ya gazeti linalochanwa. Wa pili ukafuata upande wa kulia. Manyoya matano yakadondoka sakafuni, mepesi, bila haraka.

"Nifungue," alisema. "Aidah, nifungue, hewa haiingii."

Mgongoni kulikuwa na kulabu ishirini na mbili. Nilikuwa nimezishona mwenyewe na nilizionea fahari, lakini siku ile kila kulabu ilikuwa adui. Ya mwisho ilipoachia, Paska alipiga magoti na kuvuta hewa kwa sauti ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Mbavuni mwake kulikuwa na mistari kumi na miwili iliyobonyea, sita kila upande, mahali nilipokuwa nimepitisha vijiti vya kusimamishia nguo.

Mwalimu Candia, aliyekuwa akimfundisha kucheza, alizima muziki kwenye simu yake. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Leo ni Jumanne," alisema. "Onyesho ni Jumamosi. Nguo isipopumua, Paska atacheza na suruali yake ya mazoezi."

Niliikunja nguo ile, kama kweli iliweza kukunjwa, nikatoka nayo kwenye jua la mtaa wa Mvara.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi mjini Arua, idara ya ushonaji. Kila mwanafunzi alitakiwa kubuni na kushona vazi moja la mradi wa mwisho, na sharti lilikuwa kwamba mwenye vazi alivae mbele ya watahini na kufanya kazi ambayo vazi limeshonewa. Suti iketi na kuinuka. Gauni la bibi harusi litembee na kugeuka. Mwenzangu mmoja alishona ovaroli ya fundi wa magari, naye fundi alipaswa kuingia chini ya lori na kutoka. Sharti la pili lilikuwa kali zaidi: mkono wa mtu mwingine usiguse kazi yako. Ukikutwa umesaidiwa hata mshono mmoja, unarudia mwaka.

Madam Eyotaru, mkuu wa idara, alipitia michoro yetu mmoja mmoja huku miwani imemshukia puani. Alipofika kwangu alisimama muda mrefu.

"Hii itafanya nini?"

"Itaruka, Madam."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliandika kitu pembeni mwa mchoro wangu, kwa penseli, na baadaye niliposoma nilikuta maneno mawili tu: *Tutaona basi.*

Sikuwa nimewahi kuona baleti hadi nilipopanga chumba nyuma ya ukumbi ule. Jioni jua likiwa bado linawaka nilisikia piano ikitoka kwenye simu, na siku moja nilichungulia dirishani. Msichana mwenye mabega ya kulima alikuwa akipaa. Siwezi kusema vinginevyo. Alikuwa Paska, mtoto wa wakulima wa mihogo na karanga huko Aroi, ana miaka kumi na tisa, amevaa kaptura ya mpira ya kaka yake, na alipotua, mbao za sakafu hazikusema neno. Nilisimama pale mpaka nilipokumbuka kwamba nimeacha pasi kwenye moto.

Mwalimu Candia alijifunza baleti Kampala kisha akarudi kwao. Hakutaka kuleta hadithi za ndege wa nchi za baridi. Alitunga mchezo wa kanga, ndege yule wa porini mwenye madoa, ambaye kiangazi watu wanapochoma nyasi hakubali kuyaacha mayai yake. Kanga anapambana na moto peke yake, dakika kumi na moja, mpaka mvua inanyesha. Kanga alikuwa Paska. Na kanga hakuwa na nguo.

"Nitamshonea mimi," nilisema siku ile ile niliyosikia hadithi, kabla sijajua ninachokisema.

Sketi ya baleti haining'inii. Inasimama kiunoni kama sahani, na ili isimame unahitaji matabaka mengi ya neti ngumu, kila tabaka fupi kuliko lile la juu yake. Nilinunua neti za shela za harusi kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo kupitia Vurra, nikazipika katika sufuria ya rangi nyeusi hadi zikawa na rangi ya wingu la mvua. Kati ya tabaka la saba na la nane nilipitisha waya wa klachi ya bodaboda, nilioupata kwa fundi wa pikipiki, na ukaifanya sketi ielee bila kulegea. Kwa sehemu ya kifua, tunayoiita bodisi, nilihitaji vijiti vyepesi vya kuipa umbo. Nilivikata kutoka kwenye mikanda ya plastiki inayofunga marobota ya mitumba. Inapinda, haivunjiki, na sokoni imetupwa kila mahali.

Mama yake Paska alileta manyoya kutoka Aroi, mfuko mzima, manyoya ya kanga wa kweli, meusi yenye madoa meupe yaliyopangika kama yametiwa kwa kalamu. Niliyaosha kwa sabuni ya unga, nikayakausha juani, nikayanyoosha kwa mvuke wa birika, nikayashona moja moja. Mabegani niliweka joho dogo la satini ya buluu, rangi ya shingo ya kanga, lenye manyoya tisini. Hilo ndilo nililolipenda kuliko vyote. Kila mtu aliyeingia chumbani mwangu alisimama mbele ya lile joho na kusahau alichokuja kuuliza.

Sasa nguo hiyo ilikuwa mikononi mwangu, ubavu umepasuka pande zote mbili, na sikujua kwa nini. Vipimo vilikuwa sahihi. Nilivipima mara tatu.

Jumatano asubuhi niliifunga katika shuka safi nikaenda Koboko, kwa Baba.

Koboko nzima ilimjua baba yangu, Asumani, kwa jina la Fundi wa Bendi. Alikuwa jeshini miaka mingi, fundi cherehani wa kambi, na makoti ya gwaride ya wapiga muziki yalitoka kwa jina lake. Wazee waliokuwa askari walikuwa bado wakisimulia makoti yale: mekundu, yamekaa mwilini kama ngozi, na mtu anapuliza tarumbeta kutwa nzima bila kufungua kifungo. Mimi nilichagua ushonaji kwa sababu yake. Siku hizi macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini vidole vilikuwa bado vinaona.

Niliitandaza nguo magotini mwake barazani. Aliipapasa kwa muda mrefu.

"Sketi ingine iko wapi?"

"Ndiyo hiyo yote, Baba. Chini anavaa soksi ndefu nzito."

Aliguna. Akarudi kwenye bodisi, akaufuata mshono uliopasuka kwa kidole gumba, juu hadi chini, chini hadi juu. Nilisubiri. Nilikuwa nimesafiri na imani yote niliyobakiwa nayo.

"Hii mimi hapana jua," alisema.

"Baba, umeshona makoti ya bendi miaka kumi na tisa."

Aliuachia ule mshono. Kuku walipita uani. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo namheshimu kwacho kuliko medali zake zote zilizomo sandukuni.

"Mimi nilikuwa nakata suruali," alisema. "Suruali na kofia. Makoti ya watu ya tarumbeta, mama yako ndiyo alishona, kwa nyumba, kule kambini. Jeshi hapana andika jina ya bibi ya askari. Iliandika yangu." Akainua sauti kuelekea jikoni. "Kadijah! Kuja. Mutoto ameleta kazi yako."

Mama alitoka akijifuta unga wa muhogo mikononi. Mama yangu, ambaye maisha yangu yote nilimwona akitia viraka na kupunguza suruali za shule. Ambaye cherehani yake ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa, na juu yake redio. Aliitazama nguo kwa mbali kwanza, kama mtu anayetazama barua ambayo hakutarajia kuipata.

"Kwa nini hujawahi kuniambia?" nilimuuliza.

"Nani aliuliza?"

Hakusema kwa uchungu. Aliketi, akaigeuza bodisi ndani nje, na hapo nikauona uso wake ukibadilika. Haukuwa tena uso wa mama yangu anayetaka kujua kama nimekula. Ulikuwa uso wa fundi.

"Huyu mutoto ulimpima namna gani?"

"Amesimama wima, Mama."

"Akiwa napumua?"

"Nilimwambia ashike pumzi, ili tepu isisogee."

Mama alicheka. Alicheka mpaka Baba naye akaanza, bila kujua anachekea nini. Kisha akasimama, akaichukua tepu yangu, akanipima kifua, na kuonyesha mwembe wa jirani kule mwisho wa shamba.

"Kimbia. Enda na rudi, mara tatu."

"Mama..."

"Kimbia."

Nilikimbia. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenye cheti cha kubuni mitindo, nikikimbia katikati ya mihogo na gauni limekusanywa mkononi, na watoto wa jirani wakinishangilia. Niliporudi nikihema, alinizungushia tepu kifuani na kunionyesha. Nilipokuwa nimetulia alikuwa amenipima pia. Tofauti ilikuwa vidole vitatu.

"Mutu ya tarumbeta," alisema, "ukimpima akiwa kimya, unamshonea sanduku ya maiti. Mimi nilikuwa nawaambia wapige kwanza. Wapige mpaka jasho. Halafu napima." Alishika kitambaa cha ubavuni kwa mikono miwili, akakivuta kufuata uzi. Hakikuvutika. Akakishika kona kwa kona, akavuta tena, nacho kikanyooka kwa utii na kurudi mahali pake. "Mbele na nyuma, kata sawa. Kwa mbavu, kata mshazari. Kitambaa yenyewe inapumua."

Nilijua kukata mshazari. Tulifundishwa mwaka wa kwanza, kwa ajili ya sketi zinazomwagika vizuri. Hakuna aliyeniambia kwamba kunaweza kumpa mtu hewa.

Mama alisafiri nami Alhamisi. Alivaa gauni lake la Idi na kuchukua mkasi wake katika mfuko, ingawa nilikuwa nimemweleza sharti la chuo.

"Sitagusa," alisema. "Lakini mukasi yangu hapana kaa nyuma."

Ukumbini alimwangalia Paska akicheza mchezo mzima, dakika kumi na moja, bila kupepesa. Sikujua angesema nini. Yeye ni mwanamke wa swala tano, na mbele yake msichana alikuwa akirusha miguu hewani. Paska alipomaliza, akiwa bado anatiririka jasho, Mama alimwita: "Kuja hapa mwanangu, usipumzike." Nikampima pale pale, kifua kikipanda na kushuka, na Mama akiziandika namba kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Huyu mutoto iko na kazi nzito kuliko tarumbeta," aliniambia kwa sauti ya chini. Hilo tu.

Ndipo tukagundua tatizo la pili. Vipande vinne vipya vya mshazari vilihitaji kitambaa kilekile imara nilichotumia ndani ya bodisi, na kwangu hakikubaki hata cha ukubwa wa kitambulisho. Nilichokuwa nacho kilikuwa kimeshonwa tayari. Kilikuwa bitana, kitambaa cha ndani cha lile joho la buluu.

Mama aliligusa joho kwa macho, kwa kuwa kwa mikono alikuwa amekatazwa.

"Hii iko na kazi gani?"

"Ya uzuri," nilisema.

Alitoa mkasi mfukoni, mkubwa, mweusi, mpini wake umeliwa na miaka, akauweka mezani kati yetu. Kisha akaikalia mikono yake, kweli, akaiweka chini ya mapaja kama mtoto anayejizuia kudokoa nyama.

Nilikaa na lile joho labda robo saa. Wiki mbili za kazi, manyoya tisini. Nilijiambia nitatafuta kitambaa kingine sokoni, na nikajua kwamba sitapata cha uzito ule. Nilijiambia watahini watakachokumbuka ni joho. Halafu nikaona tena ile mistari kumi na miwili mbavuni mwa Paska.

Nikakata.

Ijumaa nzima nilishona, na Mama alishona kwa mdomo. "Usivute. Iache itembee yenyewe." "Hapo rudi nyuma." "Punguza kijiti hii, isifike kwapa." Mara mbili mkono wake ulichomoka na kuelekea kwenye kitambaa, na mara mbili aliukamata kwa mkono mwingine na kuurudisha. Alasiri, jua likiwa bado juu ya mabati, nilifunga kulabu ya ishirini na mbili mgongoni mwa Paska.

"Kimbia," Mama akamwambia.

Paska akauzunguka ukumbi mara tano, sketi ikielea kiunoni kama ukungu wa mapema, na aliporudi mbele yetu akavuta pumzi ndefu. Sote watatu, Paska mwenyewe pamoja nasi, tulikuwa tukitazama mahali pamoja. Mbavu zilifunguka. Kitambaa kilifunguka nazo. Kisha vyote vikarudi, na hatukusikia chochote.

Paska akavuta nyingine. Akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wanakwaya walikuja, wauza nguo wa sokoni walikuja, na basi dogo zima likaja kutoka Aroi na wazazi wa Paska kiti cha mbele. Watahini watatu walikaa pembeni na karatasi zao, Madam Eyotaru katikati.

Nilisimama nyuma ya pazia, kwa hiyo niliuona mchezo kutoka ubavuni, na ninafurahi kwamba niliuona kutoka ubavuni. Watu wa mbele waliona kanga. Waliona manyoya yakishika mwanga alipogeuka, madoa meupe yakikimbia juu ya giza la sketi, vitambaa vyekundu vya moto vikimsogelea na yeye akivirudisha kwa kifua. Mimi niliona pumzi. Niliona dakika ya nne, pale alipokuwa akikata tamaa kila siku ya mazoezi, ikija na kupita. Niliona dakika ya tisa, miruko kumi na miwili mfululizo, na baada ya wa kumi na mbili akaongeza wa kumi na tatu ambao hakuna aliyemfundisha. Mwalimu Candia, kando yangu, alisema "Eh!" kama mtu aliyekanyagwa.

Mvua ya mchezo iliponyesha na kanga akayafunika mayai yake, muziki ulikwisha. Kisha mwanamke mmoja wa Aroi akapiga kigelegele, kikashika ukumbi mzima kama moto wenyewe, na watu wakapanda juu ya mabenchi.

Watahini walifanya kazi yao baadaye, ukumbi ukishaanza kuwa mtupu. Madam Eyotaru hakuyaangalia manyoya. Aliomba nguo ivuliwe, akaitandaza juu ya meza na kuigeuza ndani nje. Alivitafuta vile vipande vinne. Alivivuta kona kwa kona, mara moja, mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Hii haimo katika vitabu vyetu," alisema. "Nani alikufundisha kukata mbavu hivi?"

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, mkoba magotini, akijifanya msafiri anayesubiri gari.

"Mama yangu," nilisema. "Hakugusa, Madam. Alisema tu."

Madam Eyotaru aligeuka. Nilidhani atauliza juu ya sharti. Badala yake alitembea ukumbi mzima, viatu vyake vikigonga mbao, akasimama mbele ya benchi lile na kunyoosha mikono miwili.

"Mama," alisema, "tafadhali naomba uje chuoni Jumatatu. Nina walimu wanaohitaji kukusikia."

Alama zangu zilitoka baada ya wiki mbili, na zilikuwa za juu kuliko zote za mwaka ule. Lakini nikiulizwa siku niliyofaulu, siisemi ile. Nasema alasiri ya Jumamosi ile, tulipotoka ukumbini na nguo ambayo sikutaka tena kuibana ndani ya gari. Tuliishika huku na huku, Mama na mimi, imelala kati yetu katika shuka lake jeupe, tukashuka nayo kwa miguu kupitia Mvara, kuipeleka chuoni. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria alizima injini ili atazame vizuri.

"Mama, hii ni nini?"

"Nguo ya kucheza," Mama alijibu.

"Na nani ameshona?"

Mama alisimama, ikabidi na mimi nisimame. Alinyoosha shingo.

"Huyu binti yangu ndiyo ameshona," alisema, kwa sauti ya kuvuka barabara. "Mimi ndiyo mwalimu yake."

Kisha akaniambia nishike upande wangu vizuri, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza.